Deni kwa Asiyekubaliana Nawe

Leo nazungumza na wanafunzi wanaojiandaa na mtihani, pamoja na walimu wao. Lakini si wao tu. Nazungumza pia na yeyote anayeandika barua kwa mhariri, anayesimama kutoa neno kwenye mkutano wa kijiji, au anayetetea jambo katika kikao cha ukoo. Mada yetu ni insha ya hoja na insha ya kushawishi: zinatofautiana wapi hasa?

Ukimuuliza mwanafunzi, jibu linakuja haraka. Insha ya hoja hutumia akili, insha ya kushawishi hutumia hisia. Jibu hilo limeandikwa kwenye madaftari mengi, na huenda linapata alama zake, lakini mimi naona lina madhara. Linamfanya kijana aamini kwamba akiandika kwa ukavu, pasipo kuhamaki wala kulalama, basi tayari ametoa hoja. Sivyo. Mtu anaweza kujaza kurasa nne kwa takwimu, asiweke hata neno moja la uchungu, na kurasa zote nne zikawa ushawishi mtupu, kwa sababu amechagua takwimu za upande wake na za upande wa pili amezifunika. Na mwingine anaweza kuandika kwa machozi kabisa, na bado akawa ametoa hoja ya haki.

Kwangu mimi, tofauti ya kweli inaonekana ukimtazama mtu ambaye mara nyingi hata hatajwi kwenye insha, yaani yule asiyekubaliana na mwandishi. Insha ya hoja ina deni kwa mtu huyo. Inadaiwa imlete ukurasani, imsemee maneno yake kwa uzito uleule ambao angeyasema mwenyewe, kisha ndipo imjibu. Insha ya kushawishi haina deni hilo. Yenyewe inamtazama msomaji na kumtaka afanye jambo: apige kura, achangie, aache pombe, achimbe choo. Ina deni lake jingine, nalo nitalifikia.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua umo katika kitabu ambacho Mwalimu Julius Nyerere alikitafsiri. Ni ile tamthilia ya Shakespeare iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1963, na baada ya Mwalimu kuipitia upya ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Waliosoma wanaikumbuka. Kaizari ameuawa mbele ya wakubwa wenzake wa Roma. Watu wamekusanyika uwanjani, wanataka waelezwe. Anasimama Brutus, mmoja wa waliomuua, kisha baada yake anasimama Mark Antony, rafiki wa marehemu.

Kwa kawaida wanafunzi huambiwa kwamba Brutus alitoa hoja, na Antony akashawishi. Naomba tuisome tena sehemu hiyo, maana mambo hayakuwa hivyo.

Brutus anasema alimpenda Kaizari, ila aliipenda Roma zaidi. Anasema Kaizari alikuwa na tamaa ya ukuu. Anawauliza watu kama yupo kati yao anayependa kuwa mtumwa. Nani atanyoosha mkono akubali kwamba anapenda utumwa? Wanajibu kwamba hayupo, na jibu hilo Brutus analihesabu kuwa ni ridhaa. Sasa mwulize Brutus: ushahidi wa hiyo tamaa uko wapi? Hakutoa hata tukio moja. Alichoweka mezani ni heshima yake mwenyewe. Aminini, kwa sababu ni mimi ninayesema. Huo ni ushawishi, tena uliovaa mavazi ya hoja: sentensi zimepangwa sawasawa, sauti imetulia, na ndani hamna kitu cha kupima.

Tena tazameni umati unavyopokea. Anatokea mtu kati yao anapiga kelele kwamba Brutus ndiye afanywe Kaizari! Wameambiwa sasa hivi kwamba mtu ameuawa ili Roma isiwe na mtawala mmoja juu ya wote, nao wanashangilia kwa kumtafuta mtawala mwingine. Wameukubali ushindi wa msemaji na hoja yenyewe haikuwafikia. Kila ninaposoma hapo naona hatari ya kushawishi bila kufundisha.

Anakuja Antony. Huyu ndiye anayesifiwa kwa hisia, lakini ndiye wa kwanza kuleta ushahidi. Anakumbusha kwamba Kaizari alipewa taji mara tatu na mara tatu akalikataa. Anakumbusha kwamba fedha za kuwakomboa mateka ziliingia kwenye hazina ya Roma. Anakumbusha kwamba maskini walipolia, Kaizari naye alilia. Hizo ni hoja, na kila mmoja uwanjani angeweza kuzikagua, kwa maana mambo yenyewe yalifanyika hadharani. Laiti Antony angeishia hapo, halafu akamwita Brutus arudi amjibu, tungekuwa na mdahalo wa kweli.

Hakuishia hapo. Akalishika joho la marehemu, akaonyesha tundu moja baada ya jingine: hapa alichoma huyu, hapa alichoma yule. Sasa, msomaji makini anajua kwamba wakati Kaizari anachomwa Antony hakuwapo. Mmoja wa wala njama, Trebonius, alikuwa amemvuta pembeni makusudi. Antony hakuona kisu cha mtu yeyote. Matundu yale aliyapa wenyewe kwa kubuni, na hakuna aliyemuuliza amejuaje. Baada ya joho akaufunua mwili. Baada ya mwili, wosia: kila raia ameachiwa drakma 75, na bustani za Kaizari zilizo kando ya mto zimekuwa mali ya umma. Watu wakaondoka na mienge kwenda kuchoma nyumba.

Yapo mambo mawili yanayofuata, na darasani huwa tunayapita mbio. La kwanza ni kifo cha Cinna mshairi. Umati unamkuta njiani, unamuuliza jina, na jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Anawaambia yeye ni mshairi tu. Wanamuua. La pili ni fupi zaidi, limo katika sehemu ya nne ya tamthilia. Antony ameshinda, amekaa na wenzake wawili wanapanga nani auawe, na anaagiza wosia ule ule uletwe ili waone namna ya kupunguza fedha ambazo watu waliahidiwa. Wosia uliowafanya watu washike mienge sasa unatafutiwa mahali pa kukatwa.

Kwa hiyo, wasikilizaji, wote wawili walishawishi. Brutus alishawishi kwa heshima, Antony kwa ushahidi, joho na fedha. Hakuna hata mmoja aliyetoa insha ya hoja, kwa sababu hakuna aliyesema: upande wa pili una neno hili la maana, na mimi nalijibu hivi. Brutus angeweza kulitaja lile taji lililokataliwa mara tatu na kueleza kwa nini bado aliogopa. Antony naye angeweza kukiri kwamba mtu mmoja kujilimbikizia madaraka ni jambo la kutisha kweli, hata akiwa mwema.

Aristotle, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2300 iliyopita, alieleza njia tatu za kumfanya mtu akubali: tabia ya msemaji, hisia za wasikilizaji, na hoja zenyewe. Hakusema mbili za kwanza ni uovu. Nami sisemi hivyo. Nasema tu kwamba ukitaka kujua insha iliyo mbele yako ni ya aina gani, usihesabu machozi. Tafuta mpinzani yuko wapi na anatendewaje.

Mahakamani jambo hili liko wazi. Wakili anamtetea mteja wake, na hakuna anayemlaumu kwa kutosema mazuri ya upande wa pili, kwani upande wa pili una wakili wake. Hakimu akiandika hukumu hana ruhusa hiyo. Lazima aeleze mlalamikaji alisema nini, mlalamikiwa alijibu nini, mambo gani yalibishaniwa, ameamuaje kila moja, na kwa sababu gani. Aliyeshindwa akisoma hukumu ile anapaswa kuikuta sauti yake humo, hata kama imekataliwa. Wakili anashawishi na hakimu anatoa hoja. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na walimu wa insha wangefaidika sana kusoma hukumu na wanafunzi wao. Naona ni mfano wa insha ya hoja ulio bora kuliko mifano mingi tunayoitunga.

Sasa tuchukue mada moja tuiandike kwa njia zote mbili. Mada ni mkaa: je, matumizi ya mkaa yapigwe marufuku mijini?

Anayeandika insha ya kushawishi ataanzia jikoni. Atamweka mama ameinama juu ya jiko, moshi machoni, mtoto mgongoni anakohoa. Kutoka hapo atatupeleka msituni kwenye visiki. Ataandika kwa "sisi" na "wewe". Atauliza maswali ambayo jibu lake liko ndani ya swali. Mwishoni atadai hatua: zima jiko la mkaa leo. Wala hatakuwa amesema uongo. Moshi wa jikoni unaharibu mapafu kweli, na misitu inakatwa kweli. Insha hiyo ikiwekwa kwenye kipeperushi inaweza kuokoa maisha ya mtu, nami nitaipigia makofi.

Anayeandika insha ya hoja anaweza kuwa na msimamo uleule kabisa. Lakini kabla hajafika mwisho atakutana na mama lishe na muuza chipsi, na hana ruhusa ya kuwapita kimya. Atakutana na familia inayonunua mkaa jioni kwa kopo, kwa fedha iliyopatikana siku hiyo hiyo. Mkaa unakubali kununuliwa kidogo kidogo. Mtungi wa gesi ukiisha unataka fedha ya mkupuo. Hata akithibitisha kwa hesabu kwamba gesi ni nafuu ukijumlisha mwezi mzima, hajawajibu watu hawa, kwa sababu shida yao si jumla ya mwezi bali ni kilichopo mfukoni saa kumi na mbili jioni. Mwandishi wa hoja lazima aliandike hilo kwa mkono wake mwenyewe, waziwazi.

Na bado kuna Kilosa. Katika wilaya hiyo ya Morogoro vipo vijiji vilivyochoma mkaa kwa mpango: msitu wa kijiji unagawanywa vitalu, kitalu kilichovunwa kinaachwa ili visiki vichipue, na ushuru unaingia kwenye mfuko wa kijiji. Mkaa wa namna hii unaisumbua sana insha iliyokwisha kuamua kwamba kila gunia la mkaa ni msitu uliokufa. Mwenye kushawishi atauacha nje, na kwa kazi yake pengine anaweza kueleweka. Mwenye hoja akiuacha nje, insha yake imeanguka, hata kama msahihishaji hakuiona Kilosa ikikosekana.

Hapa naomba nimtaje Mwingereza Stephen Toulmin, aliyetoa kitabu mwaka 1958 kuhusu namna watu wanavyojenga hoja katika maisha ya kawaida. Aliigawa hoja vipande kadhaa. Vitatu vya msingi ni dai, ushahidi, na kile kinachouunganisha ushahidi na dai. Mimi hiki cha tatu nakiita kiungo. Dai: mkaa upigwe marufuku. Ushahidi: moshi unadhuru na misitu inapungua. Kiungo kiko wapi? Kimejificha. Kinasema kwamba marufuku ikitangazwa, watu watahamia kwenye gesi au umeme. Je, ni kweli? Au watahamia kwenye kuni, zenye moshi mwingi zaidi? Au mkaa utaingia mjini usiku, kwa bei ya juu, na atakayeumia ni yule yule wa kopo? Ubishi wote wa mkaa umelala kwenye kiungo, na insha nyingi za wanafunzi wetu hazikigusi kabisa. Zinarundika ushahidi juu ya ushahidi: kwanza, pili, tatu, zaidi ya hayo, aidha, halikadhalika. Wingi wa ushahidi hauwezi kufanya kazi ya kiungo.

Mwandishi anayekigusa kiungo hubadilika yeye mwenyewe njiani. Ataona kwamba hata serikali, katika Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, imejipa miaka kumi, kutoka 2024 hadi 2034, ili asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi jikoni. Kama serikali yenyewe imehitaji miaka kumi, marufuku ya siku moja inazidi kuwa ngumu kuitetea. Basi dai lake litasogea. Ataandika kwamba mkaa upunguzwe kwa awamu, tuanze na shule, magereza na hoteli zenye uwezo wa kununua mitambo mikubwa, na familia zitafutiwe njia ya kulipia gesi kidogo kidogo kama wanavyolipia mkaa. Msimamo huo hauna mshindo wa ule wa kwanza. Lakini ni wake, ameuchimba, na ukimbana kwa maswali ana pa kusimama.

Kwa nini wanafunzi wetu hawafiki huko? Kwanza, muda. Katika karatasi ya Insha ya mtihani wa KCSE kule Kenya, mtahiniwa ana saa moja na dakika 45 kuandika insha mbili, kila moja isiyopungua maneno 400. Ndani ya muda huo mpinzani hawezi kufikiriwa kama hajazoeleka tangu kidato cha kwanza. Kisha kuna mdahalo. Naupenda mdahalo wa shule, nauheshimu, na nimewaona vijana waliokuwa hawafungui midomo wakisimama na kusema. Lakini mdahalo humfundisha kijana kwamba kazi ya upande wa pili ni kushindwa. Mada hutungwa ili pande mbili zitengane kabisa: maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini, mwalimu ni bora kuliko daktari. Anayekiri jambo moja la mpinzani anazomewa na wenzake kwa kuuza mechi. Kijana huyo akikaa kuandika insha ya hoja, anaiandika vilevile. Mpinzani akitokea, anatokea kama mjinga: "wapo wanaodai kwamba mkaa hauna madhara yoyote." Ni nani hao? Hakuna mtu mzima anayedai hivyo. Kumtengeneza mpinzani dhaifu ili umwangushe ni ushawishi wa chini kabisa, na unaumiza zaidi unapoitwa hoja.

Nimesema kwamba insha ya kushawishi nayo ina deni lake. Redio inalijua deni hilo kuliko chombo kingine chochote. Mwaka 1973 Radio Tanzania ilitangaza vipindi vya kampeni ya Mtu ni Afya. Takriban watu milioni mbili walishiriki, wakikaa katika vikundi kuzunguka redio na kusikiliza habari za malaria, kichocho, safura na kuhara. Vile vipindi havikuwa insha za hoja. Hakuna aliyepewa nafasi hewani kutetea mbu. Lengo lilikuwa watu wainuke wakafyeke majani, wafukie madimbwi, wachimbe vyoo, nao waliinuka. Lakini baada ya matangazo kila kikundi kilikuwa na kijitabu mkononi na kiongozi wake, na watu walijadili walichosikia kabla ya kuamua la kufanya. Mwenye swali aliuliza. Mwenye shaka aliisema mbele ya jirani zake. Na yule aliyechimba choo hakuja kugundua baadaye kwamba kuna jambo alifichwa.

Hilo ndilo deni la anayeshawishi. Huna lazima ya kusema kila kitu, ila usifiche kile ambacho msomaji wako akikigundua kesho ataona kwamba ulimtumia. Watu wa Roma hawakuambiwa kwamba wosia utakuja kukatwa. Wangeambiwa, mienge isingewashwa. Kwa kipimo hicho, Mtu ni Afya ni ushawishi wa heshima, na hotuba ya Antony, kwa uzuri wake wote, ni ulaghai.

Walimu, nina ombi moja kwenu, na ni dogo. Najua idadi ya wanafunzi mlio nao, najua hamwezi kusoma rasimu za wote. Kabla hawajaanza kuandika insha ya hoja, mwambieni kila mmoja aandike aya moja tu, ya upande asioukubali. Ampe mwenzake mwenye msimamo huo aisome. Huyo mwenzake aulizwe swali moja: hivi ndivyo mnavyosema? Akijibu ndiyo, aweke sahihi yake chini ya aya, na insha ianze kuandikwa. Akijibu hapana, aya irudiwe. Kazi ya kusahihisha hapo inafanywa na wanafunzi wenyewe, mwalimu anapita kati ya madawati akitazama sahihi.